Mchungaji wa hospitali naye akafundishwe kazi wodini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie hoja ya msomaji mwenzangu aliyependekeza kwamba wahubiri wote, wa dini na dhehebu lolote, wapigwe marufuku kuingia katika wodi za hospitali za Kanda ya Ziwa, kwa madai kwamba wanawasumbua wagonjwa, wanawakwamisha wauguzi na baadhi yao wanawashawishi watu waache dawa. Nimefanya kazi ya uuguzi katika kanda hii hadi nilipostaafu, sehemu kubwa ya utumishi wangu ikiwa katika wodi za upasuaji na za wanawake, kwa hiyo malalamiko ya msomaji huyo nayafahamu na mengi ni ya kweli. Tiba anayoipendekeza ndiyo inayonitia shaka. Ukiwafungia mlango wote kwa pamoja, utakuwa umemfungia pia mtu ambaye wodi inamhitaji, yaani mchungaji au padri wa hospitali, aliyekabidhiwa kazi hiyo na kanisa lake na anayetambuliwa na uongozi wa hospitali.

Nianze na yale tunayokubaliana. Saa ya kuona wagonjwa ikifika, hasa Jumapili jioni, huingia mtu asiyefahamika na yeyote, Biblia kwapani, akasimama katikati ya vitanda na kuanza kuhubiri kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Mama aliyetoka thieta asubuhi, bado ana mrija puani, anaulizwa mbele ya watu ni dhambi gani iliyomletea ugonjwa. Mgonjwa wa kisukari anaambiwa afunge siku tatu, na wa shinikizo la damu anatangaziwa kwamba amekwisha kupona, hivyo kuendelea kumeza vidonge ni upungufu wa imani. Nimemkuta kijana aliyeandikiwa asile wala asinywe chochote, kwa kuwa alikuwa anasubiri kuingia thieta, akinyweshwa kikombe kizima cha maji ya upako, na upasuaji wake ukalazimika kuahirishwa. Mwingine aliwasha mshumaa kando ya mtungi wa oksijeni, na kama si macho makali ya muuguzi wa zamu, sijui leo tungekuwa tunaandika barua ya namna gani.

Sisi wa kanda hii pia hatujasahau mwaka 2011, magari yalivyokuwa yakiondoka Mwanza kwenda Loliondo, kijijini Samunge, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, ili watu wakanywe kikombe cha dawa yake ya mitishamba kwa shilingi 500, wakiamini kinaponya maradhi sugu. Wapo waliotolewa vitandani wakiwa hoi ili wawahi foleni. Mzee yule ametangulia mbele za haki na sina nia ya kumhukumu. Ninachokumbuka ni kwamba wengi wa waliokwenda walikuwa wamelala kwetu kwa majuma kadhaa, wamepimwa, wameandikiwa na kuhudumiwa kwa kadiri ya uwezo wetu, lakini hakuna aliyevuta kigoda na kuwauliza wanaogopa nini. Mtu akikosa kusikilizwa hospitalini, atakwenda kusikilizwa kwingine, hata kama ni umbali wa kutwa nzima kwa basi.

Hapo ndipo kazi ya mchungaji wa hospitali inapoanzia, na kwa kuwa wasomaji wengi hawajawahi kuiona ikifanyika vizuri, naomba nieleze kisa kimoja. Tulikuwa na mzee mvuvi kutoka visiwani ambaye kisukari kilikuwa kimeuozesha mguu wake hadi juu ya kifundo. Daktari alimweleza kwa upole na kwa lugha nyepesi kwamba mguu usipokatwa sumu itapanda na itamuua. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, kisha akakataa kusaini fomu ya ridhaa. Watoto wake wakaja na mtumbwi wa injini wakambembeleza, naye akakataa. Kwenye kukabidhiana zamu ikawa inasemwa kila asubuhi kwamba mgonjwa wa kitanda cha dirishani ni mkaidi, na mimi mwenyewe nililisema neno hilo.

Padri wa hospitali alipofika alituuliza kwanza kama kuna dawa au kidonda cha kusafisha saa ile, maana hakutaka kukaa mahali pa muuguzi. Akavuta kigoda, hakukalia kitanda. Akamwamkia mzee, akauliza habari za ziwa, bei ya dagaa msimu ule, na nani anayezisimamia nyavu zake. Baada ya hapo akanyamaza, na ukimya ule ulichukua muda mrefu kiasi kwamba nilidhani mazungumzo yamekwisha. Mzee ndiye aliyeuvunja. Akauliza: “Huo mguu wakishaukata, wataupeleka wapi?”

Kumbe alikuwa amesikia kwa mgonjwa mwenzake kwamba viungo vinavyokatwa huchomwa pamoja na taka za hospitali, na kwa desturi ya kwao mtu hazikwi vipande vipande, huzikwa mzima pale walipolala baba zake. Kifo alikuwa amekwisha kukikubali. Kilichomtisha ni kufika kule ng'ambo akiwa na upungufu, huku sehemu ya mwili wake ikiwa imetupwa asikokujua. Padri yule alikuwa na elimu ya kutosha kuhusu ufufuko wa mwili kuweza kumsomea mzee sura nzima ya 15 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho na kuifafanua mstari kwa mstari, lakini alichofanya ni kuinuka na kwenda kwa muuguzi kiongozi kuuliza kama ndugu wanaweza kukabidhiwa kiungo wakakizike. Muuguzi kiongozi akamuuliza daktari, daktari akauliza ngazi ya juu, na ikaonekana inawezekana kwa utaratibu wa maandishi. Mtoto mkubwa akasaini kuupokea mguu wa baba yake, nao ukazikwa nyumbani kando ya makaburi ya ukoo. Fomu ya upasuaji mzee aliisaini jioni ileile. Alitoka kwetu kwa magongo, akiwa hai.

Naomba msomaji atazame ni nini hasa kilichofanyika pale, kwa sababu hakuna aliyehubiri, hakuna aliyeombewa kwa sauti, na bado swali lililokuwa mezani ni la kidini tangu mwanzo hadi mwisho. Wanazuoni huiita elimu hiyo theolojia ya vitendo, na ndugu zangu Wakatoliki huiita taalimungu ya kichungaji. Mjerumani Friedrich Schleiermacher, alipopanga masomo ya theolojia kwa ajili ya vyuo vikuu mwaka 1811, aliiweka juu kabisa na kuiita taji la masomo yote. Katika vyuo vyetu vingi nina hofu kwamba taji hilo limegeuka kuwa kipindi cha mchana wa Ijumaa, ambapo mwanafunzi hufundishwa namna ya kuendesha ibada ya mazishi na namna ya kutunza daftari la ubatizo, kisha akahesabiwa kuwa amehitimu.

Kuna njia nyingine, na si ngeni. Mchungaji Mmarekani Anton Boisen, ambaye mwaka 1920 yeye mwenyewe alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, alitoka huko akiwa na hakika kwamba wanafunzi wa theolojia wanasoma vitabu vingi na hawajawahi kumsoma mtu. Alipokuwa mchungaji wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, katika jimbo la Massachusetts, aliwachukua wanafunzi wanne wakati wa kiangazi cha mwaka 1925, wakafanya kazi wodini na kujifunza kwa wagonjwa kama wanavyojifunza kwa maandiko. Daktari Richard Cabot alimuunga mkono, akishikilia kwamba kama daktari hawezi kuhitimu bila kushika mgonjwa chini ya macho ya mkubwa wake, basi na mchungaji vivyo hivyo. Mafunzo hayo yameenea duniani, na hapa kwetu hospitali ya KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, imekuwa ikiwapokea wachungaji kwa mafunzo ya aina hiyo. Bugando, hospitali ya Kanisa Katoliki hapa Mwanza inayoendeshwa kwa makubaliano na Serikali, nayo ilifunguliwa mwaka huohuo 1971, na leo pale mlimani kuna chuo kikuu kinachofundisha madaktari, wauguzi, wafamasia na wataalamu wa maabara. Sioni sababu ya seminari na vyuo vya Biblia vya pande hizi za ziwa, vya Wakatoliki, vya Walutheri wa KKKT, vya AICT (Africa Inland Church Tanzania), vya Waanglikana na vya Wapentekoste, kutotumia hospitali zilizo karibu nao kwa namna hiyo.

Kinachofanyika katika mafunzo hayo ni rahisi kukieleza na kigumu kukivumilia. Mwanafunzi akitoka kitandani kwa mgonjwa huandika mazungumzo yote kama anavyoyakumbuka, neno kwa neno, pamoja na kimya kilichokuwepo na jinsi alivyojisikia, bila kutaja jina la mgonjwa. Kisha huyasoma mbele ya wenzake na mlezi wao. Mwaka mmoja nilialikwa kukaa katika kikao kama hicho kama muuguzi wa wodi. Kijana mmoja alisoma kwamba mgonjwa alimwambia, “Nimechoka, mchungaji,” naye akamjibu kwa Zaburi ya 23 yote, kuanzia “Bwana ndiye mchungaji wangu” hadi nyumbani mwa Bwana milele. Mlezi akamuuliza swali moja tu: mgonjwa alikuwa amechoka na nini? Kijana hakujua. Angeweza kuwa amechoka na maumivu, au na kuamshwa usiku, au na mkewe anayelala sakafuni chini ya kitanda, au na bili inayopanda, au na Mungu mwenyewe. Zaburi ile ni njema, na wapo niliowaona wakiishika kama kamba, lakini pale ilitumika kumfunga mtu mdomo.

Sisi Waswahili tuna msemo tunaoutumia kila msibani: kazi ya Mungu haina makosa. Sina ugomvi nao ukisemwa na jirani siku ya tatu, watu wamekaa mkekani na chai inapita. Ukisemwa katika wodi ya watoto njiti, dakika chache baada ya mama kuambiwa kwamba mtoto wake amefariki, unamwambia asilie. Nimemwona mchungaji mwanamke wa Kilutheri akiingia katika wodi ya namna hiyo, akaketi, na neno lake la kwanza baada ya pole likawa, “Ulishampa jina?” Yule mama alikuwa amempa, na tangu azaliwe mtoto hapakuwa na mtu aliyeuliza, maana kwenye karatasi zetu aliandikwa mtoto wa fulani. Akalitaja jina, akalia, na mchungaji akalitumia katika sala. Rafiki zake Ayubu nao walianza vizuri, wakakaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na matatizo yao yalianza walipofumbua vinywa kueleza sababu.

Niongeze hapa jambo ambalo wauguzi wengi vijana hawalifahamu. Katika hatari ya kufa, Kanisa Katoliki huruhusu mtu yeyote mwenye nia inayotakiwa kubatiza, kwa maji na maneno ya ubatizo, padri akikosekana. Tumefanya hivyo usiku wa manane wazazi wanapoomba, na wanapoomba tu. Mchungaji wa hospitali aliyefunzwa huwaelekeza wauguzi mapema kuhusu jambo hilo, na huwaonya vikali wasithubutu kulifanya kwa mtoto wa wazazi ambao hawakuomba.

Mpako wa wagonjwa nao umebeba mzigo usio wake. Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unasema mgonjwa na awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta, na Mtaguso wa Pili wa Vatikani, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulieleza mwaka 1963 kwamba sakramenti hiyo haikuwekwa kwa ajili ya wanaokata roho peke yao. Papa Paulo wa Sita akarekebisha ibada yake mwaka 1972. Hata hivyo hadi ninastaafu, padri akionekana anaingia na kichupa cha mafuta, mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anaanza kupiga simu nyumbani kuaga, na ndugu walikuwa wanachelewesha kumwita hadi mgonjwa asiweze tena kusikia wala kuitikia. Mapadri wenye desturi ya kupita wodini kila juma, wakapaka wagonjwa wanaotarajiwa kupona na wakaonekana wakicheka nao, wameiondoa hofu hiyo kuliko mahubiri ya parokiani.

Eneo ambalo hasara ya kukosa watu hawa huonekana zaidi ni saratani. Wagonjwa wetu wengi hufika wakiwa wamechelewa, baada ya kuzunguka kwa waganga na maduka ya dawa, na wanachoweza kupewa ni tiba shufaa, yaani kupunguziwa mateso na kulindiwa utu wao hadi mwisho. Mwingereza Cicely Saunders, aliyeanza kama muuguzi kabla ya kuwa afisa wa ustawi wa jamii na hatimaye daktari, na aliyefungua hospitali ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa yana pande nne zilizofungamana: mwili, akili, jamii na roho. Shirika la Afya Duniani limeuingiza upande wa roho katika maelezo yake rasmi ya tiba shufaa, na mwaka 2014 mkutano wake mkuu ulizitaka nchi wanachama ziingize huduma hiyo katika mifumo yao ya afya. Tumewahi kuwa na mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi aliyekuwa anatema mofini ya maji, dawa ya kutuliza maumivu makali, tuliyompa. Tulidhani ni uchungu wa dawa, tukaichanganya na juisi, bado anatema. Baada ya kuzungumza na padri faraghani alianza kuinywa bila kusukumwa, na baadaye yeye mwenyewe alimwambia binti yake kwamba alikuwa ameamini maumivu yale ni malipo ya jambo la ujana wake, na kuyapunguza ni kumdhulumu Mungu. Ni jambo gani hilo, hatukuuliza, wala padri hakusema. Mofini ilikuwa kabatini siku zote.

Hilo linanileta kwenye siri, ambayo msomaji mwenzangu hakuigusa na ambayo mimi naiona nzito kuliko kelele. Ungamo lina muhuri wake, yaani padri haruhusiwi kufichua aliyoungamiwa, na mapadri wanaujua. Hatari iko kwenye yale mengine yote ambayo mtu wa dini huyaona na kuyasikia akiwa wodini: faili lililoachwa wazi, jina la kliniki anayohudhuria mgonjwa, mke wa pili aliyekuja saa ambayo wa kwanza hayupo. Nimesikia kanisani, wakati wa maombi ya waamini, jirani akitajwa kwa jina na kwa ugonjwa. Aliyelitangaza alikusudia mema. Tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile inazozihesabu kuwa nyeti. Mchungaji wa hospitali anapaswa kufungwa na kiapo kilekile kinachomfunga muuguzi, asisome faili ambalo hakuruhusiwa kulisoma, na amwombee mtu hadharani kwa jina baada tu ya mwenyewe kuridhia.

Kuhusu Waislamu, ambao ni wengi katika wodi zetu, mchungaji mwema ni yule anayejua mipaka yake. Mgonjwa Mwislamu anayekaribia kukata roho anahitaji wa imani yake wa kumtamkisha shahada, ndugu wanahitaji kujua upande wa kibla, na akifariki wanataka mwili utolewe mapema ukaoshwe na watu wanaostahili kuuosha na kuzikwa bila kucheleweshwa. Mchungaji wa hospitali anaweza kumpigia simu imamu wa msikiti wa karibu na kuwasaidia ndugu kuharakisha karatasi za mochwari, na hapo kazi yake inakoma. Misikiti nayo ingefaa itoe watu wa kudumu kwa ajili ya kazi hii, badala ya kutegemea hisani ya padri mwenye namba za simu. Uzoefu wa kushirikiana tunao, na tumeupata kwa machungu. Meli ya MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, na wengi wa waliopolewa wakazikwa hapa Igoma. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Septemba 20, 2018 karibu na kisiwa cha Ukara, watu zaidi ya 220 wakafa, na kule Bwisya, kisiwani humo, viongozi wa dini zote walisimama pamoja kwenye mazishi. Sioni kwa nini ushirikiano huo usubiri chombo kizame.

Wapo watakaosema kwamba hospitali ya umma ni ya Serikali na Serikali haina dini. Ni kweli haina. Lakini Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa imani, na aliyelala na dripu mkononi hawezi kwenda kanisani wala msikitini. Hospitali haitakiwi kumchagulia dini wala kumlipia. Inatakiwa kuweka utaratibu ili mtu wa dini anayeitwa na mgonjwa apatikane, na mgonjwa ambaye hakumwita mtu asisumbuliwe.

Sasa fedha, kwa kuwa bila kuzitaja haya yote ni maneno. Kuna utani wa zamani miongoni mwa mapadri kwamba ukipangiwa hospitali basi ama umezeeka ama umemuudhi askofu, na kama utani mwingi ulivyo, haukuanzia hewani. Mara nyingi anayepewa kazi hii ana parokia na vigango vitatu juu yake, hupita wodini mara moja kwa juma akiwa anatazama saa, na hana nauli ya bodaboda akipigiwa simu usiku. Baadhi yao hawajui neno la Kisukuma, na bibi aliyeletwa kutoka Magu au Misungwi, ambaye angefarijika kusikia “mwangaluka” asubuhi, analazimika kuungama kwa kupitia mjukuu. Kwa hospitali za makanisa, dayosisi na hospitali zigawane mshahara wake, kwa kuwa hospitali inayonufaika na kazi ya mtu haifai kumhesabu kuwa mgeni. Kwa hospitali za Serikali, madhehebu yaliyopo mjini yachangie kwa pamoja mtu mmoja wa kudumu kwa zamu za miaka kadhaa. Najua madhehebu hayapendi kuchangia mtu ambaye si wao. Walisali pamoja Bwisya.

Kwa hiyo pendekezo la msomaji mwenzangu naliunga mkono kwa nusu. Wasio na barua kutoka kwa kanisa au msikiti wao na kitambulisho cha hospitali wasipite getini kwa kazi ya kuhubiri, wala pasiwe na mahubiri ya wodi nzima, kwa kuwa mgonjwa hawezi kuinuka akaondoka. Anayekuja kumwona ndugu yake na kumwombea kwa sauti ya chini haguswi na marufuku hiyo. Mwenye kitambulisho aripoti kwanza kwa muuguzi kiongozi, aambiwe nani asiyeruhusiwa kumeza kitu na nani aliyetengwa kwa sababu ya maambukizi, anawe mikono, ndipo aende kwa aliyemwita. Na kabla ya kupewa kitambulisho hicho awe ameonyesha kwamba alifunzwa wodini chini ya mlezi, kwa miezi, si kwa semina ya siku mbili yenye chakula cha mchana.

Wakuu wa seminari na vyuo vya Biblia wanaweza kuanza na likizo ndefu ijayo, wakiwatuma wanafunzi wawili watatu kila kimoja, na wauguzi wastaafu kama mimi tupo wengi Mwanza tunaoweza kukaa nao katika vikao vya jioni bila malipo. Uongozi wa hospitali naomba utafute chumba kimoja chenye mlango unaofungika na viti viwili, kwa kuwa hadi leo mazungumzo mazito kuliko yote hufanyika kwenye korido, watu wakipita na machela.

Muuguzi mstaafu,
Kirumba, Mwanza.